Gayo kati ya Diotrefe na Demetrio: kisa cha mlango uliofungwa

Waraka wa Tatu wa Yohana ni mfupi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya. Una maneno ya Kigiriki yapatayo 220, ambayo yangeenea kwenye karatasi moja ya mafunjo. Kwa wengi wetu umebaki mstari mmoja tu, ule wa pili, unaosomwa wakati wa matoleo: "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako." Ukishasomwa huo, Biblia inafungwa. Inasikitisha, kwa sababu maneno hayo ni salamu za kawaida za barua za Kigiriki za zama hizo. Watu walifungua barua kwa kumwombea afya anayeandikiwa, kama sisi tunavyoanza na "natumaini hujambo". Habari yenyewe inakuja baadaye, nayo ni nzito: barua iliyokataliwa, wageni waliorudishwa mlangoni, na waumini waliotengwa na kanisa kwa kosa la kutaka kuwalaza wageni.

Nimeongoza mazungumzo juu ya waraka huu mara kadhaa katika kikundi cha Biblia, na kila mara dakika kumi za kwanza huenda vilevile. Watu humtafuta Diotrefe wao. Majina hayatajwi, lakini macho hukutana. Naielewa hamu hiyo, maana karibu kila aliyedumu kanisani amewahi kuumizwa na mtu wa namna hiyo. Ila waraka huu haukuandikwa kwa Diotrefe. Uliandikwa kwa Gayo, mtu mzima, mkarimu, anayesifiwa tangu mstari wa kwanza, na ni yeye anayeambiwa: "usiuige ubaya, bali uige wema." Mtu mwema anaambiwaje asiige ubaya? Kwangu mimi, hapo ndipo kisa chote kilipolala.

Waliohusika

Mwandishi anajiita "Mzee", basi. Kigiriki chake, kama Kiswahili chetu, kinabeba maana mbili kwa neno hilo: mtu wa umri na mtu mwenye dhamana katika kanisa. Hakuona haja ya kuongeza jina, na hilo tu linaonyesha kwamba Gayo alimfahamu vema. Mapokeo ya kanisa yanamtaja kuwa Yohana, na kuiweka kazi yake Efeso, katika jimbo la Asia ambalo leo ni Uturuki, kuelekea mwisho wa karne ya kwanza. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa karne ya 4, aliuhesabu waraka huu kati ya vitabu vilivyobishaniwa, ingawa wengi walivifahamu. Kufikia mwaka 367 Athanasio wa Aleksandria anaziorodhesha nyaraka tatu za Yohana pamoja na vitabu vingine vya Agano Jipya.

Gayo lilikuwa jina la kawaida mno katika dola ya Kirumi. Agano Jipya lenyewe lina Gayo wa Korintho, Gayo wa Makedonia na Gayo wa Derbe, wala hakuna sababu ya kumlazimisha huyu wetu awe mmoja wao. Diotrefe maana yake ni aliyelelewa na Zeu. Demetrio ni jina linalotokana na Demeta, mungu wa kike wa mavuno. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kusikia mahubiri yaliyomhukumu Diotrefe kwa asili ya jina lake. Kama ni hivyo, Demetrio naye angehukumiwa, na yeye ndiye anayeshuhudiwa na watu wote.

Kundi la nne halina majina: "ndugu" waliokuwa wakisafiri kuhubiri. Walitoka "kwa ajili ya Jina hilo", wala hawakupokea kitu kwa watu wasioamini. (Jina lenyewe halitajwi. Huu ndio waraka pekee wa Agano Jipya usiokuwa na neno Yesu wala neno Kristo.) Kutopokea kitu kulikuwa na maana yake mitaani. Miji ya Kigiriki ilikuwa na wahubiri wa falsafa waliotembea na mkoba wakiombaomba kwa wasikilizaji wao. Ndugu hawa walikataa kufananishwa nao, na kwa kukataa huko wakabaki na tegemeo moja tu, yaani nyumba za waumini wenzao.

Kilichotokea

Tuupange mfuatano kama waraka unavyouonyesha. Ndugu walifika mahali alipokaa Gayo, naye akawapokea, ingawa baadhi yao walikuwa wageni kwake kabisa. Waliporudi kwa Mzee walisimama mbele ya kanisa lake na kusimulia upendo wa Gayo. Mzee alikwisha kuliandikia kanisa la huko, na barua hiyo hatunayo, lakini Diotrefe, "apendaye kuwa wa kwanza kati yao", aliikataa. Akaendelea kumsema Mzee vibaya. Akakataa kuwapokea ndugu. Waliotaka kuwapokea akawazuia, tena akawatoa katika kanisa. Sasa Mzee anamwandikia Gayo peke yake, anamwomba awasaidie ndugu waendelee na safari, na anamtaja Demetrio kwa sifa. Anasema anatumaini kuja mwenyewe.

Ili uzito wa mambo haya uonekane, inabidi tukumbuke kanisa la wakati ule lilivyokuwa. Majengo ya ibada hayakuwapo. Nyumba ya kanisa ya zamani zaidi iliyohifadhiwa vizuri tunayoijua, ile ya Dura-Europos kando ya mto Frati huko Syria, iligeuzwa kuwa mahali pa ibada katika karne ya 3, zaidi ya miaka mia baada ya waraka huu. Kabla ya hapo watu walikutana sebuleni kwa mtu. Sebule hiyo hiyo ndiyo iliyomlaza mhubiri aliyepita. Nyumba za kulala wageni zilikuwepo barabarani, lakini sifa zake zilikuwa mbaya: wizi, kunguni, ukahaba. Kumfungia mhubiri mlango, basi, kulikuwa kumkata miguu. Injili ilitembea kwa kutegemea vitanda na mikate ya watu kama Gayo.

Mzee anamwomba Gayo "awasafirishe" ndugu kama impasavyo Mungu. Neno la Kigiriki lililopo hapo ni lile lile linalotumika katika Matendo 20:38, waumini wa Efeso wanapomsindikiza Paulo mpaka merikebuni, na katika Warumi 15:24, Paulo anapotumaini kusafirishwa na Warumi kwenda Hispania. Tito anaagizwa kwa neno hilo hilo awasafirishe Zena mwanasheria na Apolo, wasipungukiwe na kitu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Mgeni wa heshima humwagi mlangoni ukarudi ndani. Unamsindikiza, na ukiweza unamtia masurufu mkononi. Gayo alikuwa akifanya haya kwa gharama yake. Ndiyo maana naona uchungu mstari wa mafanikio unapong'olewa mahali pake: aliyeombewa afanikiwe ni mtu ambaye mali yake ilikuwa ikiondoka kila wiki kwenye vikapu vya wasafiri.

Tendo moja lenye nyuso mbili

Kuna jambo dogo la lugha ambalo tafsiri zetu zinalificha bila kukusudia. Katika mstari wa 9 tunasoma kwamba Diotrefe "hatukubali". Katika mstari wa 10 tunasoma kwamba "hawakaribishi" ndugu. Kwa Kigiriki ni kitenzi kimoja, epidechomai, nacho hakipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya ila hapa mara hizi mbili. Kukataa barua ya Mzee na kukataa kuwafungulia wageni mlango kunaelezwa kwa neno moja. Kwa macho ya mwandishi, Diotrefe hakufanya makosa mawili, la utawala na la ukarimu. Alikataa kupokea, na kukataa huko kukaonekana kwanza kwenye karatasi, kisha kwa watu.

Ukiusoma mstari wa 10 polepole utaona pia ngazi. Kwanza maneno: Diotrefe anamsingizia Mzee, na kitenzi kilichotumika kina ladha ya kupayuka, ya porojo zisizo na msingi. "Wala hatosheki na hayo," anasema Mzee. Ngazi ya pili anafunga mlango wake mwenyewe. Ya tatu anawazuia wenye milango mingine. Ya nne anawatoa waliokaidi. Mtu angeweza kusimama kwenye ngazi yoyote akashuka, na katika kila ngazi walikuwepo watu waliomwona na wakanyamaza, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutenga watu peke yake. Lazima awepo wa kuliitikia tangazo.

Neno la "kuwatoa" nalo lina historia katika maandishi ya Yohana. Ndilo linalotumika katika Yohana 9:34, yule aliyezaliwa kipofu anapofukuzwa kwa sababu ya kumshuhudia Yesu. Ndilo analolikana Yesu katika Yohana 6:37: "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Jumuiya iliyotunza habari hizo ilikuwa na kumbukumbu chungu ya kufukuzwa. Sasa mmoja wao alikuwa akiwatenda wenzake vile walivyotendwa wao. Hili huniumiza kila nilisomapo, kwa kuwa kufukuzwa hakumfundishi mtu kutofukuza. Wakati mwingine humfundisha namna ya kufukuza.

Je, Diotrefe alikuwa na hoja?

Uchambuzi wa haki hauwezi kumruka mtu huyu kwa kumwita mbaya tu. Tunamsikia kwa kinywa cha mpinzani wake, basi tujaribu kumsimamisha mahali alipokuwa.

Wahubiri wa kuzunguka walikuwa tatizo la kweli. Tunajua hivyo kwa sababu ya kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Askofu Philotheos Bryennios alikikuta Konstantinopoli mwaka 1873, ndani ya nakala iliyoandikwa kwa mkono mwaka 1056, akakichapisha mwaka 1883. Humo makanisa yanaagizwa yampokee mtume anayefika kama Bwana mwenyewe, lakini asikae zaidi ya siku moja, na ikibidi ya pili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha kituo kinachofuata. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Mpita njia wa kawaida asaidiwe siku mbili au tatu. Akitaka kubaki, na awe na ufundi, afanye kazi, ale. Asiyetaka kufanya kazi ni mfanyabiashara wa jina la Kristo. Nilipoyasoma maagizo hayo mara ya kwanza nilijikuta nikitabasamu, maana wazee wetu walisema jambo hilo hilo kwa pumzi moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika karne ya 2, Lusiano wa Samosata, mwandishi asiyekuwa Mkristo, alisimulia habari za Peregrino, mtu aliyejichoma moto hadharani Olimpia mwaka 165. Kwa maelezo yake, Peregrino aliwahi kukaa kati ya Wakristo, akafungwa, nao wakamhudumia gerezani kwa chakula na fedha hadi akajipatia mali si haba. Lusiano aliwacheka kwa urahisi wa kudanganywa. Kiongozi wa kanisa la nyumbani mwenye busara angejua kwamba si kila agongaye ametumwa.

Tena, na hapa ndipo penye ugumu, Mzee mwenyewe alikuwa amewahi kuagiza mlango ufungwe. Katika Waraka wa Pili wa Yohana, mstari wa 10, anasema mtu akija asiyeleta mafundisho ya Kristo, "msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu." Waraka wa Kwanza unaeleza chanzo: watu walikuwa wametoka katika jumuiya hizo na kupotosha habari za Yesu kuja katika mwili. Hebu jiweke mahali pa Diotrefe. Pande zote zinasafiri, pande zote zinatuma wajumbe, wote wanajiita ndugu. Angeweza kusema: tunafunga mlango kwa wote, mpaka mambo yatulie. Ni uamuzi ambao kamati nyingi za kanisa zingeupitisha bila kupinga.

Wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Adolf von Harnack, mwaka 1897, aliona hapa mapambano kati ya utume wa zamani wa kuzunguka na kanisa la mahali lililotaka kuongozwa na mtu wake, na Diotrefe akawa kwake wa kwanza kujulikana kwa jina katika mstari wa maaskofu wanaosimama peke yao. Didake lenyewe linaonyesha kuwa mvutano huo ulikuwepo, maana katika sura ya 15 linawaonya watu wasiwadharau maaskofu na mashemasi wao mbele ya manabii na walimu. Ernst Käsemann, mwaka 1951, akakigeuza kisa kizima: huenda Diotrefe ndiye aliyekuwa mlinzi wa mafundisho yaliyokubalika, na Mzee ndiye aliyetengwa. Sikubaliani na Käsemann. Waraka haumlaumu Diotrefe kwa imani yake hata kwa neno moja, na kama ugomvi ungekuwa wa mafundisho, mwandishi wa Waraka wa Kwanza na wa Pili, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno juu ya uzushi, asingenyamaza. Lakini nawashukuru wote wawili kwa kutulazimisha kukiri kwamba Diotrefe huenda alijiona mlinzi. Walinzi wengi huanza hivyo.

Kosa liko wapi basi

Kama kufunga mlango si kosa kila wakati, tumpime kwa nini? Nionavyo mimi, waraka unatoa vipimo viwili, na vyote ni vya matendo yanayoonekana.

Kimoja ni lile neno la mstari wa 9. "Apendaye kuwa wa kwanza" ni neno moja la Kigiriki, philoproteuon, na halijirudii mahali pengine katika Agano Jipya. Mzee hasemi kwamba Diotrefe ni kiongozi, wala hasemi kwamba si kiongozi. Anasema anachokipenda. Wasikilizaji wa kwanza waliokulia katika maneno ya Yesu wangekumbuka yale ya Marko 9:35, kwamba atakaye kuwa wa kwanza atakuwa wa mwisho wa wote na mtumishi wa wote. Katika Injili ya Yohana hilo limewekwa kwa maji na taulo: Yesu anaosha miguu, kazi anayofanyiwa mgeni anapoingia nyumbani, kisha anasema "nimewapa kielelezo". Kielelezo kikuu cha jumuiya hii kilikuwa cha kumpokea mtu. Diotrefe alipotaka ukubwa, alianguka mahali pale pale Bwana wake alipopiga magoti.

Kipimo cha pili ni kile alichowafanyia waliotofautiana naye. Waraka wa Pili unawaambia waumini wasimkaribishe mwalimu fulani, na unatoa sababu: mafundisho yake. Waumini wanaachwa wapime wenyewe. Diotrefe, kwa maelezo tuliyonayo, hakupima mgeni mmoja mmoja. Alipima utii wa wenyeji. Aliyetaka kufungua mlango wake, hata kama alikuwa na sababu, alitolewa. Ulinzi wa kundi ukawa umegeuka kuwa ulinzi wa kiti.

Hatari ya Gayo

Sasa turudi kwa swali la mwanzo. Amri ya kutoiga ubaya imewekwa katikati kabisa, kati ya jina la Diotrefe na jina la Demetrio. Kwa nini Gayo aihitaji?

Jibu la kwanza ni woga. Wenzake walikuwa wameshatengwa kwa tendo lile lile alilozoea kulitenda yeye. Safari hii, ndugu wakibisha hodi, angekuwa na sababu ya heshima ya kutofungua: sitaki kuleta mgawanyiko, mambo yakitulia tutawapokea. Hapo asingekuwa amemsingizia mtu wala kumfukuza mtu. Angekuwa ameiga tendo la Diotrefe bila tabia ya Diotrefe, na mgeni aliyelala nje asingeona tofauti.

Jibu la pili nalipata katika mwenendo wa Mzee mwenyewe. Nililiona polepole, baada ya kuusoma waraka huu kwa miaka. Mtu aliyeonewa na kiongozi hujifunza mbinu za kiongozi huyo kuliko anavyodhani. Ametengwa, naye anaanza kutenga. Amesemwa nyuma ya mgongo, naye anajibu nyuma ya mgongo. Gayo alikuwa na nyumba, alikuwa na marafiki, alikuwa na barua ya Mzee mkononi. Angeweza kuanzisha kundi lake na kuandika orodha ya walio upande wake. Angekuwa Diotrefe wa pili, mwenye ukarimu kwa wageni na chuki kwa jirani.

Angalia Mzee anachofanya badala yake. Amesingiziwa, lakini hajibu kwa kumsingizia. Hatoi hadithi za maisha ya Diotrefe, wala hazungumzii nia zake za siri, ukiacha ile sifa moja ya kupenda kuwa wa kwanza. Anataja matendo, kwa mpangilio. Anasema nikija "nitayakumbusha matendo yake", yaani atayasema mwenyewe akiwa amefika, mahali ambapo mhusika anaweza kujibu. Hamwagizi Gayo amtoe Diotrefe. Hamwombi amfungie mlango. Amri ambayo msomaji wa leo huitarajia haipo, na kutokuwepo kwake kumenifundisha mengi kuliko mistari kadhaa iliyopo. Kweli, kumtaja mtu kwa jina katika barua ni jambo kali, na sitaki kulipaka mafuta. Lakini kati ya ukali wa Mzee na ule wa Diotrefe kuna umbali mkubwa, na Gayo aliuona kwa macho.

Kitenzi cha "kuiga" kilichotumika hapa kina mahali pachache. Katika Agano Jipya kinatokea mara nne, katika nyaraka tatu. Kwa Wathesalonike, Paulo anasema wamwige kwa kuwa hakula mkate wa mtu bure, bali alifanya kazi usiku na mchana asimlemee yeyote. Katika Waebrania 13:7 tunaambiwa "iigeni imani yao" kuhusu viongozi, mistari michache baada ya kuonywa tusisahau kuwafadhili wageni. Mara ya mwisho ni hapa kwa Gayo. Kila kinapotokea, mkate na mgeni hawako mbali. Naona hilo ni la maana. Watu wengi wa dola ya Kirumi hawakujua kusoma, na muumini mpya alijifunza Ukristo kwa kutazama: nani amefungua, nani amekaa karibu na nani mezani, nani ametoa mkate wa mwisho. Mtoto wa nyumba ya Gayo alijifunza jambo kila ndugu walipoondoka alfajiri. Mtoto wa nyumba ya Diotrefe naye alijifunza.

Demetrio mlangoni

Demetrio amepewa mstari mmoja, na hatuambiwi tendo lake hata moja. Tunapewa mashahidi: watu wote, kweli yenyewe, na Mzee pamoja na walio naye. Wengi huona kwamba yeye ndiye aliyebeba waraka huu, na nakubaliana nao, kwa sababu sifa zake zimekaa pale inapokaa sifa ya mchukuzi katika barua za utambulisho. Paulo alimtambulisha Fibi kwa Warumi kwa namna hiyo. Wanaohama usharika wanaijua barua ya namna hii: fulani ni wetu, mpokeeni.

Kama ni hivyo, waraka huu haukumfikia Gayo kama somo la kutafakari jioni. Ulimfikia ukiwa mkononi mwa mtu mwenye vumbi miguuni, aliyesimama kizingitini, mtu ambaye Diotrefe asingempokea. Gayo alipofika kwenye maneno "usiuige ubaya, bali uige wema", Demetrio alikuwa amesimama mbele yake akisubiri kujua kama atalala ndani au nje. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama kuna mahali ambapo methali hiyo imekaa vizuri zaidi kuliko kwenye kizingiti hicho, kwa maana aliyekuwa akipimwa hapo alikuwa mwenyeji.

Waraka unaishia na salamu. Mzee anasema ana mengi ya kuandika, ila hataki kuyaandika kwa wino na kalamu. Wataongea uso kwa uso. Kisha marafiki wa huku wanasalimu, na Gayo anaombwa awasalimie marafiki wa huko, "kila mtu kwa jina lake". Maneno hayo ya Kigiriki yanapatikana pia katika Yohana 10:3, mchungaji anapowaita kondoo wake kwa majina. Mahali ambapo watu walikuwa wakitolewa mmoja mmoja, Gayo alipewa kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba akitaja majina yao mmoja mmoja, waliobaki na waliotolewa, akiwafikishia salamu. Ilimpasa aende mchana, mtaani, mbele ya macho ya Diotrefe na wote waliomwitikia.